Kilele cha Wageni

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Shubiri akiwa anapiga mswaki.

"Mbuzi watatu wanataka majani ya juu. Wachunge. Usiwafunge kamba mpaka walie."

Akatema povu, akasoma mara moja, akafuta.

Mbuzi watatu walikuwa watu watatu. Majani ya juu, mlimani. Na wasifungwe mpaka walie, maana yake wasikamatwe kabla hawajauwasha mtambo wao. Mara ya mwisho mkubwa wao alikamatwa mtambo ukiwa umezimwa, umelala ndani ya sanduku, na wakili wake akamwambia hakimu kwamba ile ni mashine ya kupimia mvua. Hakimu akaamini. Jamaa akawa nje kabla ya chakula cha mchana, anacheka na waandishi wa habari.

Mvua gani? Mtambo ule ulikuwa unatuma ishara za uongo kwa meli. Nahodha aliye ndani ya ukungu anatazama kompyuta yake, kompyuta inamwambia yuko kwenye maji marefu, kumbe anakwenda kukalia mwamba. Kulikuwa na matajiri wa bandari nyingine, mbali na pale, waliotaka meli moja tu ilale katikati ya mlango wa bandari na kumwaga mafuta. Bandari ingefungwa hata mwaka, na mizigo yote ingehamia kwao. Biashara ya mtu asiyeweza kuuza, kwa hiyo anachoma duka la jirani.

Na mahali pekee palipoutazama mlango ule moja kwa moja palikuwa kileleni pa mlima wa mawe uliosimama juu ya bahari.

Shubiri akavaa shati la kijani la waongoza wageni, akavaa kapelo yenye nembo. Ndani ya nembo mlikuwa na kamera ndogo kuliko punje ya dengu. Chini ya mfuko wa huduma ya kwanza, chini ya bandeji na plasta, ililala bastola ya Beretta. Redio ya Motorola aliificha chini ya shati, waya mwembamba ukiingia sikioni. Hiyo ndiyo kazi aliyoonekana nayo kwa miaka mingi: kupandisha wageni mlimani. Hata mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, hakujua kwamba ana nyingine.

Getini walikuwa wameshafika.

Mkubwa wao alivaa kofia pana yenye kamba chini ya kidevu, na lebo ya duka ilikuwa bado inaning'inia nyuma. Shubiri akambatiza pale pale: Bwana Kofia. Wa pili alikuwa Baunsa, mtu aliyenyanyua vyuma maisha yake yote bila kukumbuka kwamba chini ya kifua huwa kuna miguu. Wa tatu alikuwa Fundi, mwembamba, macho mekundu, mkono wake haubanduki kwenye begi la mtambo, ingawa begi lenyewe lilikuwa mgongoni kwa Baunsa.

Shubiri akatazama viatu. Huanza na viatu siku zote. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo na kwa pasipoti, lakini miguu yake haijui siasa. Jozi zote tatu zilikuwa Salomon mpya, hazijawahi kukanyaga hata tope la uani.

Watu wanakuja kuhujumu nchi ya wenzao na viatu vilivyonunuliwa jana!

"Wewe ndiye tuliyepewa?" Bwana Kofia aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Adabu ndiyo iliyokosekana. "Hakuna mwanaume?"

"Wapo, bosi. Wamelala."

"Sikiliza, mama. Usituchoshe na hadithi za mawe na majani. Tupeleke juu, pale panapoonekana bahari. Basi."

"Mnapiga picha?"

"Tunapima hali ya hewa."

Fundi akakohoa. Baunsa akatazama angani, kana kwamba hali ya hewa ingemwitikia.

"Sawa, bosi. Juu, panapoonekana bahari. Kuna lolote mngependa kujua kuhusu mlima?"

"Mlima ni mlima," Bwana Kofia akasema. "Tembea."

Wakatembea.

Njia ilianza kwa upole, ikapita kwenye vichaka, kisha ikasimama wima kama mtu aliyetukanwa. Vichaka vikaisha. Yakabaki majabali ya kijivu, moja juu ya jingine, yametota umande. Kwa chini, upande wa bahari, ukungu ulikuwa umetanda mzito, mweupe, umefunika maji yote kuanzia ufukweni hadi usipojua pa kuishia.

Haukupita muda Baunsa akaanza kuhema. Kisha akaanza kuzungumza na Mungu.

Bwana Kofia naye alikuwa na fimbo mbili za kupandia mlima, za kaboni, za bei mbaya. Alizishika juu chini. Shubiri aliona, akanyamaza. Asiyeuliza hakosi njia tu. Hukosa hata kujua kwamba amekosa.

"Mbona kiatu kinauma?" Bwana Kofia akalalamika.

"Kinazoea mguu, bosi."

"Kitazoea lini?"

"Tukirudi."

Walipofika kwenye pango dogo Baunsa akaomba kupumzika na papo hapo akatapika. Shubiri akasema anakwenda kuangalia njia mbele. Akapinda nyuma ya jabali, akabonyeza redio.

"Mjomba."

Upande wa pili ulikuwa na mkuu wa kitengo. Idara nzima ilimwita Mjomba, pengine kwa sababu alikuwa na tabia za wajomba: yeye hutoa ahadi, mama yako ndiye hutimiza.

"Nakusikia, Shubiri. Mbuzi vipi?"

"Mmoja anatapika. Mwingine anachechemea. Hawa ndio mliosema ni hatari kwa taifa?"

"Usiwadharau."

"Najitahidi. Wananishinda."

Mjomba hakucheka. Hapo Shubiri akajua kuna jambo.

"Meli ya mafuta imewahi," Mjomba akasema. "Tulijua itakuja kesho, na tungeizuia nje. Imeingia kwenye mkondo sasa hivi, ndani ya ukungu. Meli ya ukubwa ule haigeuki pale, wala haisimami."

"Ionyeni."

"Kwa redio ipi? Chumba cha redio bandarini kina mtu wao, na hatujui ni nani. Tukiionya meli, atawaonya hao, nao watautupa mtambo bondeni. Tutabaki na mashine ya mvua."

"Basi nawakamata sasa hivi."

"Kwa kosa gani? La kutapika? Ngoja, bado sijamaliza." Sauti ya Mjomba ikashuka. "Rubani wa bandari aliyepanda kwenye hiyo meli kuiongoza ni mdogo wako."

Shubiri akashika jiwe.

Alimwona yule mtoto mgongoni mwake, amebebwa kwa khanga ya marehemu mama, anakataa kulala. Akamwona siku ya kwanza alipovaa sare nyeupe, anajitazama kwenye kioo cha kabati mpaka chai ikapoa. Aliogopa. Aliogopa waziwazi, jinsi anavyoogopa mzazi.

"Nikutoe?" Mjomba akauliza.

"Unitoe umweke nani? Wewe mwenyewe ngazi za ofisini zinakushinda."

"Basi mlima ni wako, mama."

Akarudi pangoni na tabasamu la kazini.

"Simameni, mabosi. Tumekaribia."

Akawapandisha kwa njia ya kushoto. Wakapita katikati ya majabali mawili, wakapanda ngazi ya mawe kwa mikono na magoti, na ghafla hapakuwa na pa kupanda tena. Wakatokea kwenye jabali bapa, pana kama sebule. Katikati palikuwa na rundo la mawe yaliyopangwa na wapandaji. Upepo ukawapiga usoni. Upande wa kaskazini, ambako ukungu ulikuwa umeshaondoka, pwani yote ilikuwa imejianika: mchanga, mawimbi, ghuba baada ya ghuba, bahari ya buluu mpaka macho yanachoka. Upande wa bandari ukungu ulikuwa umejaa hadi chini ya miguu yao, na hapo karibu wingu lilikuwa limekaa kama ukuta.

"Hongereni sana," Shubiri akasema, akapiga makofi. "Mmefika kileleni."

Bwana Kofia akavua kofia, akaivaa tena, akampa Fundi simu ampige picha. Picha! Alikuja kuzamisha meli, na bado alitaka picha, mkono mmoja kiunoni, kidevu juu.

Hapakuwa kileleni.

Waongoza wageni wote wa mlima ule walipaita mahali pale Kilele cha Wageni. Kilele chenyewe kilikuwa nyuma ya lile wingu, juu zaidi, ng'ambo ya jabali lililoinama. Lakini wako wageni wavivu, wako wenye majivuno, wako wanaofoka kila baada ya hatua kumi. Hao hupandishwa kushoto, hupongezwa, hupigwa picha, hushushwa. Hurudi kwao wakajisifu. Hajawahi kulalamika hata mmoja, kwa sababu hajawahi kuuliza hata mmoja.

Na kati ya Kilele cha Wageni na mlango wa bandari kilisimama kilele cha kweli, jabali tupu, kama kiganja mbele ya macho. Ishara yoyote iliyotumwa kutoka pale ingegonga mwamba na kufia hapo.

Alichohitaji ni ukungu uvumilie kidogo.

Fundi akafunga antena, akaielekeza kule alikodhani ndiko bandari iliko. Taa nyekundu ikawaka. Mtambo ukaanza kunguruma.

Mbuzi walikuwa wamelia. Kamera kwenye kapelo ilikuwa inakula kila kitu. Shubiri angeweza kuwafunga kamba dakika ile. Lakini Bwana Kofia alikuwa anatoa simu ya setilaiti, na mtu wa namna ile akishika simu lazima ajisifu.

Bwana Kofia akakaa juu ya jiwe, akavua viatu. Malengelenge yalikuwa yametuna kwenye visigino vyote viwili.

"Wewe, mama. Lete huo mfuko wa dawa."

Shubiri akasita kidogo tu. Akampa. Bwana Kofia akaupakata mapajani, Beretta na bandeji pamoja, akaanza kuchagua plasta huku anaongea na simu.

"Imewashwa. Ndiyo, mimi mwenyewe niko kileleni. Hapana, hapakuwa pagumu." Akacheka. "Meli itakaa juu ya mwamba kabla hujamaliza kahawa yako. Na mtu wetu pale redioni, yule mwenye jino la dhahabu, mwambie asishike maiki mpaka nimruhusu."

Sikioni mwa Shubiri sauti ya Mjomba ikapanda.

"Jino la dhahabu! Tumemsikia. Vijana wanapanda ngazi za mnara. Nipe dakika chache tu."

Dakika chache. Upepo ukageuka.

Ulitoka nchi kavu, wa moto, na ukungu ukaanza kupasuka. Kwanza lile wingu la karibu likatatuka. Kisha likaondoka lote.

Fundi alikuwa na darubini ya Steiner machoni. Akaishusha. Akaipandisha tena.

"Mkuu," akasema. "Mlango wa bandari uko wapi?"

"Pale."

"Pale ni jiwe."

Bwana Kofia akageuka. Mbele yake, juu ya kichwa chake, kilele cha kweli kilikuwa kimesimama juani na nguzo yake ya chuma.

Ilimchukua muda kuelewa. Uso wake ukapita katika rangi kadhaa, kisha ukaishia kwenye ile ya mtu aliyegundua kwamba amecheka peke yake.

"Ulisema ni kileleni!"

"Ni kileleni pa wageni, bosi."

Baunsa alikuwa ameshatoa Glock. Kwa hilo tu alikuwa mwepesi.

"Nimuue?" akauliza.

"Nani atatuonyesha njia, mjinga wewe?" Bwana Kofia akafoka, anasukumia miguu kwenye viatu. Mfuko wa dawa ukaanguka kwenye ufa. "Beba mtambo. Usiuzime. Mama, tangulia. Ukikosea, unakufa."

Shubiri akatangulia.

Kati ya vilele viwili lililala jabali moja laini, limeinama kuelekea bondeni, bado lina unyevu wa ukungu. Hakuna njia nyingine. Wenyeji hulivuka taratibu, tumbo karibu na mwamba, vidole kwenye nyufa. Shubiri alivuka kwa raba kuukuu zenye soli iliyolika, zinazoujua mwamba ule jinsi ulimi unavyoyajua meno.

"Shikeni kwa mikono miwili," akasema bila kugeuka. Alisema kweli. Hakutaka waseme baadaye kwamba hawakuambiwa.

Baunsa alikuwa na mtambo mgongoni na bastola mkononi. Mlima ulimtaka achague. Akachagua bastola.

Mguu ukateleza.

Glock ilitangulia, ikagonga jabali, ikapotelea bondeni. Baunsa akafuata, akipiga kelele, akaporomoka mpaka kwenye ufa mpana akanasa humo kiunoni, kama kobe aliyepinduliwa. Hakuumia sana. Alilia sana.

Fundi akatazama bonde. Akamtazama Shubiri. Akakaa chini, akanyoosha mikono juu.

"Mimi niliambiwa ni kazi ya ofisini," akasema.

"Kaa hapo hapo. Usiguse kitu."

Lakini Bwana Kofia alikuwa ameshashuka mpaka kwenye ufa. Baunsa akamnyooshea mkono. Bwana Kofia akausukuma pembeni, akafungua mikanda, akauvuta mtambo, akamwacha mtu wake amenasa vile vile. Ndio mzigo wa kwanza aliobeba siku ile. Akaanza kupanda ule upande wa pili wa jabali, mbali na alipokuwa Shubiri, kwa magoti na viwiko, anahema na kulaani, antena inayumba juu ya kofia.

Mfa maji haachi kutapatapa.

"Mjomba!" Shubiri akaita, anakimbia. "Meli iko wapi?"

"Inapita kwenye mwamba sasa hivi! Jamaa wa jino tumemkamata, ila rubani hatumpati—"

Redio ikakatika.

Mtambo ulikuwa umefika juu. Taa nyekundu ikageuka kijani: ishara imeipata meli.

Shubiri alitokea kileleni na kuiona bahari yote kwa mara moja. Mabaki ya ukungu yalikuwa yanaburutwa juu ya maji, na katikati yake meli ya mafuta, nyekundu, ndefu kama mtaa, ilikuwa inaingia mlangoni. Kushoto kwake povu jeupe lilionyesha mwamba. Na pua ya meli ilikuwa inageuka.

Polepole. Kushoto.

"Tazama!" Bwana Kofia akapiga kelele. Aliukumbatia mtambo kwa mikono yote miwili, machozi ya furaha yanamtoka. "Tazama, mama! Unajua mimi ni nani?"

"Mgeni," Shubiri akasema.

Akamfyeka miguu. Bwana Kofia akaangukia visigino vyake vibovu na kupiga ukelele mmoja mwembamba. Shubiri akapiga goti juu ya kifua chake, akafungua kisu chake cha Leatherman kwa meno, akashika waya mnene unaotoka kwenye betri, akakata.

Cheche. Harufu ya plastiki. Taa ikazima.

Hakuthubutu kutazama bahari. Kisha akatazama.

Meli ilikuwa bado inageuka. Kushoto, kushoto, kuelekea povu. "Baba," akasema, kwa jina alilomwita alipokuwa mchanga, "baba, toa macho kwenye kompyuta. Tazama nje." Kama vile angemsikia.

Pua ikasimama.

Ikasita pale, muda ambao Shubiri hakuwahi kuujua urefu wake. Kisha ikaanza kurudi. Maji yakachemka nyuma ya meli, honi ikalia mpaka majabali yakaitikia, na lile dude zima likapita kando ya mwamba, karibu mno, likaingia kwenye maji marefu.

Shubiri akakaa chini. Akalia kidogo, haraka, akimpa mgongo Bwana Kofia, kwa sababu mtu yule hakustahili kuona chozi la mtu mzima.

"Tunaweza kuzungumza," Bwana Kofia akanong'ona. "Nina marafiki wakubwa."

"Waandikie. Utakuwa na muda."

Akamfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe ya kofia. Ilitosha.

Redio ikarudi, Mjomba anapiga kelele. "Shubiri! Shubiri, jibu!"

"Mbuzi wamefungwa. Mmoja kanyoosha mikono mwenyewe, mwingine kanasa kwenye ufa, mje na mafuta ya kulainisha."

"Alhamdulillahi. Natuma helikopta iwachukue."

"Helikopta ya nini, Mjomba? Wana miguu."

"Huyo mkubwa wao ulisema anachechemea."

"Basi aende polepole. Askari wako getini wapande wawafuate. Wakifika hapa, mbuzi watakuwa wameshapata kiu ya kusema kila kitu."

Akazima redio. Akaokota kapelo iliyomdondoka, akapangusa nembo, akaanza kushuka. Bwana Kofia alimwita mara tatu: mama, kisha dada, kisha mheshimiwa. Hakugeuka. Alipopita Kilele cha Wageni akauchomoa mfuko wa dawa kwenye ufa.

Simu ililia alipofika chini kwenye vichaka. Alitazama jina, akangoja pumzi itulie.

"Dada!" Mdogo wake alikuwa anaongea kwa haraka, sauti inatetemeka huku anajifanya haitetemeki. "Dada, leo ungenizika. Mitambo yote imeruka akili, redio imekufa, ukungu huu hapa. Mtu mwingine angekuwa juu ya mwamba sasa hivi. Mimi nikatoa kichwa dirishani, nikaona boya, nikazungusha. Nahodha amenikumbatia!"

"Hongera, baba."

"Hii kazi inataka akili, dada. Si kama yako, kupandisha watu mawe na kuwashusha."

Shubiri akacheka mpaka akashika mti. Akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Kweli kabisa," akasema. "Umekula?"

"Nakula wapi, ndio kwanza nimeshuka melini. Na wewe? Wageni wako wa leo walifika kileleni?"

Kule juu mtu alikuwa anaita msaada kwa lugha mbili.

"Walikaribia," akasema, akauweka sawa mfuko begani, akashuka.